Muulize Mama Maabara: Ioni ya lithiamu na wapambe wake

Barua za betri zimerundikana mezani kwangu mpaka zimefunika zile za sabuni na kutu. Basi toleo hili ni la betri peke yake. Wenye maswali ya sabuni mnivumilie.

Shikamoo Mama Maabara. Mimi ni mwanafunzi wa sekondari. Kitabu chetu kina mchoro wa betri ya ioni za lithiamu: vidoti vyekundu, ndizo ioni, yaani chembe zenye chaji ya umeme, vinatoka upande mmoja, vinakatiza katikati, vinaingia upande wa pili. Hapo katikati hamna kitu, pamepakwa rangi ya bluu tu. Nikamuuliza mwalimu: kama lithiamu ndiyo metali nyepesi kuliko zote, mbona ioni zake hazivuki mara moja simu ikajaa papo hapo? Akasema swali zuri, kisha kengele ikalia.

Marahaba, mwanangu. Mchoro huo naujua na siupendi. Hiyo bluu waliyoipaka kwa uvivu ni kimiminika ambamo ioni hupita, nacho ndicho habari yenyewe.

Nimekaa miaka mingi maabara nikiunda betri ndogo za ukubwa wa kifungo, mikono nimeiingiza kwenye glavu nene za sanduku lililojaa gesi ya agoni, nikidondosha hicho kimiminika tone kwa tone. Ukikitazama hakina makuu. Hakina rangi, chepesi kama maji. Ndani yake mna viyeyushi viwili au vitatu vilivyochanganywa, na mchanganyiko wenyewe una kituko kimoja. Kiyeyushi kikuu, ethilini kaboneti, huyeyuka kwenye nyuzijoto 36 hivi za Selsiasi. Maana yake chumba kikiwa na ubaridi kidogo, chupani unakuta donge jeupe. Kazi yangu ya kwanza asubuhi ilikuwa kuipasha moto chupa.

Utauliza, kitu kigumu cha nini mahali panapotakiwa kimiminika? Kinatakiwa kwa sababu molekuli zake zina upande chanya na upande hasi ulio dhahiri, na hivyo hudhoofisha mvuto kati ya chaji chanya na chaji hasi kwa kiasi cha mara 90. Maji yenyewe ni mara 78 kwenye joto la kawaida la chumba. Chumvi ikitumbukizwa humo huachana: ioni ya lithiamu huku, ioni hasi kule. Ila kikiwa peke yake ni kizito na hugandaganda, kwa hiyo huchanganywa na kingine chepesi, mfano dimethili kaboneti, ambacho kwa kuachanisha chumvi ni hafifu mno (mara 3 tu) lakini hutiririka vizuri. Kimoja kinayeyusha, kingine kinalegeza. Chumvi inayotumika zaidi ni lithiamu heksafluorofosfeti, gramu 150 hivi kwa lita.

Kwamba chumvi ikiyeyuka hugawanyika kuwa chembe zenye chaji hata kabla hujaunganisha waya wowote, hilo leo mnafundishwa kama jambo dogo. Mwanasayansi Svante Arrhenius alipoliwasilisha kwenye tasnifu yake kule Uppsala, Uswidi, mwaka 1884, wakubwa wake walimpa alama za chini. Mwaka 1903 akapewa Nobeli kwa jambo hilohilo. Nakuambia hili ili uendelee kuuliza hata kengele ikilia.

Sasa wepesi wa lithiamu. Ungetegemea ioni ndogo ipite haraka kuliko kubwa, sivyo? Nusu kipenyo cha ioni ya lithiamu ni pikomita 76, cha potasiamu ni 138. Lakini ukizipima ndani ya maji, potasiamu hubeba umeme karibu mara mbili ya lithiamu. Kubwa inaishinda ndogo. Udogo ndio unaoiponza lithiamu: chaji yake yote imebanwa mahali padogo sana, hivyo hunasa kwa nguvu kila chenye uhasi kilicho jirani. Kwenye betri, kinachonaswa ni atomi za oksijeni zilizo kwenye ncha za molekuli za kiyeyushi. Molekuli kama nne hivi huizunguka, oksijeni zote zimeielekea.

Ndiyo maana nasema ioni ya lithiamu ni kama mheshimiwa: haendi mahali bila wapambe. Kwa vipimo vya uzito wa atomi yeye ni 7. Ethilini kaboneti moja ni 88. Wapambe wanne ni zaidi ya 350, na wote wanapenyezwa katikati ya umati wa molekuli nyingine ambazo hazina haraka. Kwa hiyo kile kidoti chekundu cha kitabu chako, ukitaka haki itendeke, kichore kikiwa katikati ya furushi.

Furushi hilo husonga kwa namna mbili. Ya kwanza ni kwenda na wapambe walewale, wote kwa pamoja, umbali fulani. Ya pili ni kuwabadilisha njiani: mmoja anaachia upande huu, mwingine anashika upande ule, na katika kubadilishana huko ioni inajikuta imesogea. Kubadilishana kwenyewe hutokea katika muda unaopimwa kwa nanosekunde. Kwenye kimiminika cha kawaida cha betri namna zote mbili zimechanganyika na ile ya kwanza ina uzito mkubwa. Ukizidisha chumvi sana, ya pili inapata nguvu, maana viyeyushi huru vinakuwa haba na ioni zinakaa jirani kwa jirani.

Tena isidhaniwe kwamba ioni inakwenda moja kwa moja. Kwa joto la chumba, chembe yenye uzito wa ioni ya lithiamu iliyo uchi ina mwendo wa kama kilomita moja kwa sekunde. Lakini haifiki popote, inagongwa na kugeuzwa kila upande bila kukoma. Ukisimama mbali ukatazama, kinachobaki baada ya kugongana kote huko ni kusogea kidogo sana kuelekea inakotakiwa. Fanya hesabu hii: simu ikichajiwa kwa muda wa saa moja, kila sentimita mraba ya elektrodi, yaani upande mmoja wa betri, hupitisha miliampea 3 hivi. Ukigawanya mkondo huo kwa idadi ya ioni zilizomo, na ukakumbuka kwamba kimiminika kimejaa kwenye vitundu vya elektrodi tu, unapata mwendo wa wastani wa takriban mikromita moja kwa sekunde. Mikromita! Unywele wa mtu una unene wa mikromita 70 hivi.

Kwa mwendo huo kinachookoa betri ni ufupi wa safari. Kati ya anodi na kathodi, yaani elektrodi hasi na elektrodi chanya, mna kitenganishi, utando wa plastiki wenye vitundu, na unene wake ni mikromita 20 au pungufu. Na hapa kuna kanuni ambayo ningependa ikae kichwani kuliko namba zote nilizokupa: chembe inayotangatanga, umbali ukiwa mara mbili, muda unakuwa mara nne. Mikromita 20 huvukwa kwa kutangatanga tu katika sekunde moja au chache. Mikromita 200, ambazo ni jumla ya kitenganishi na elektrodi zote mbili zikiwa nene kidogo, zinataka mara mia ya muda huo. Ndiyo sababu betri ya simu si mabamba mawili mazito. Ni tabaka nyembambanyembamba zilizokunjwa au kupangwa pamoja, maana kimiminika chake hupitisha umeme kwa shida. Asidi iliyo kwenye betri ya gari hupitisha vizuri kuliko hicho mara 70 au zaidi.

Mpaka hapa nimemsema mheshimiwa peke yake. Lakini chumvi ina nusu ya pili, ile ioni hasi ya heksafluorofosfeti, nayo vitabu huisahau kabisa. Hiyo ni kubwa, chaji yake imesambaa juu ya atomi sita za florini, haimng'ang'anii mtu na haing'ang'aniwi. Haina wapambe wa kuhesabika. Matokeo yake, umeme ukianza kupita kwenye kimiminika, sehemu ya lithiamu katika kuubeba ni 0.2 hadi 0.4 tu. Iliyobaki inabebwa na ioni hasi inayokwenda upande wa pili, na hiyo ikifika haina kazi. Elektrodi haziitaki. Inarundikana hapo.

Simu ikiwa kwenye chaji, lithiamu inaelekea kwenye grafiti, ile kaboni iliyo upande wa anodi, na ioni hasi zinaikimbia grafiti. Kwa vile kimiminika hakiwezi kuwa na chaji ya ziada mahali popote, chumvi yote kwa ujumla inakuwa nyingi upande wa kathodi na haba upande wa grafiti. Baada ya muda tofauti hiyo ya ukolezi inazisukuma ioni hasi kurudi kwa kasi ileile ambayo umeme unazivuta, zinabaki zimekwama, na lithiamu ndiyo inayoendelea kuvuka. Hapo mambo yametulia. Lakini ukilazimisha mkondo mkubwa zaidi, upungufu kwenye vitundu vya ndani kabisa vya grafiti unazidi, mpaka chumvi inakaribia kwisha kule chini. Lithiamu inayohitajika haipo. Sehemu za juu za grafiti zinalazimika kupokea zaidi ya uwezo wao, na lithiamu inaanza kuganda juu yake kama metali badala ya kuingia ndani. Betri inaharibika, na pengine inakuwa ya hatari.

Kwa maoni yangu, huu ndio mzizi wa swali lako. Watu husema lithiamu ni ya polepole. Mimi nasema kinachotuchelewesha, kwa sehemu kubwa, ni huyu msafiri wa pili asiye na tiketi.

Kuna na sehemu ya mlangoni. Ndani ya grafiti hakuna nafasi ya wapambe: ioni lazima iwavue wote, ipite peke yake katikati ya tabaka za kaboni. Kuwavua kuna gharama kubwa ya nishati, na juu ya grafiti kuna utando mwembamba wa makumi ya nanomita ambao nao unapaswa kupenywa. Utando huo hujitengeneza wakati betri inachajiwa kwa mara ya kwanza kiwandani, kutokana na kimiminika chenyewe kuvunjika. Mwanakemia Emanuel Peled ndiye aliyeueleza mwaka 1979.

Wapambe wakikataa kuachia ni balaa. Propilini kaboneti ni ndugu wa karibu wa ethilini kaboneti, tofauti yao ni kaboni moja na hidrojeni zake mbili. Haigandi kwa urahisi, kwa hiyo ilionekana bora. Lakini inaingia na lithiamu ndani ya grafiti na kuipasua tabaka kwa tabaka. Betri za kwanza za ioni za lithiamu kuuzwa, za Sony mwaka 1991, hazikutumia grafiti kabisa bali kaboni ya aina nyingine. Mwaka mmoja kabla yake kundi la mtafiti Jeff Dahn huko Kanada lilikuwa limeonyesha kwamba ukiweka ethilini kaboneti, utando mzuri unajengeka na grafiti inasalimika. Sasa umeelewa kwa nini nilivumilia kupasha chupa moto kila asubuhi.

Nyongeza moja, halafu nikuache. Ioni inayoingia kwenye grafiti siyo ileile iliyotoka kathodi sekunde hiyo. Betri ya simu ya ampea-saa 4 inahamisha gramu moja hivi ya lithiamu kutoka upande mmoja hadi mwingine. Lithiamu iliyomo kwenye kimiminika wakati wowote ni asilimia chache tu ya hiyo. Moja ikiingia huku, nyingine inatoka kule kujaza pengo, na ile iliyotoka huenda ikafika baadaye. Mwambie mwalimu wako, na umsalimie.

Mama, salaam. Mimi ni fundi simu. Mteja analeta simu imezimika kwa kuisha chaji. Naiweka kaunta, nahudumia wengine, baada ya robo saa naibonyeza inawaka yenyewe, hata dakika mbili tatu. Wateja wanadhani nina dawa. Nini kinatokea?

Fundi mwenzangu, waache waendelee kudhani. Wewe jua hivi: simu haikuzimika kwa sababu lithiamu imekwisha. Ilizimika kwa sababu volteji ilishuka chini ya kikomo wakati inatumika, na volteji ya betri inayotumika ni ndogo kuliko ya betri iliyopumzika. Ile chumvi niliyomwelezea mwanafunzi hapo juu, wakati wa matumizi inarundikana upande wa grafiti na kupungua upande wa kathodi. Tofauti hiyo inakula volteji. Ukiacha betri itulie, chumvi inasambaa upya na kulingana katika muda wa dakika chache. Ndani ya chembe za kathodi pia lithiamu iliyokuwa imejaa kwenye ganda la nje inasogea kuelekea kiini, taratibu zaidi. Volteji inapanda, simu inawaka.

Hakuna umeme mpya uliozaliwa. Ukianza kupiga simu, mkondo unarudi, chumvi inarundikana tena, inazima. Ila ukiona betri inafanya hivyo ikiwa inaonyesha asilimia 20 au 30, si 0 au 1, basi ukinzani wake wa ndani umepanda na ni ya kubadilishwa. Hapo mwambie mteja ukweli.

Nina pikipiki ya umeme. Kijitabu chake kinasema nisiichaji joto likiwa chini ya nyuzi 0, lakini kinaruhusu kuiendesha kwenye baridi hiyo. Kwa nini kuendesha ruhusa, kuchaji marufuku? Kwangu inaonekana waliandika kinyume.

Hawakuandika kinyume, dada. Baridi inafanya mambo mawili. Kimiminika kinakuwa kizito, na joto likishuka kutoka nyuzi 25 hadi 0 uwezo wake wa kupitisha umeme unapungua kwa karibu nusu. Hilo linavumilika. La pili ni lile la wapambe mlangoni, nalo linaathirika vibaya zaidi: nishati inayotakiwa kuwavua na kupenya utando ni kama kilojuli 50 kwa moli (kipimo cha idadi ya chembe), na ukifanya hesabu, kushuka kwa nyuzi hizo 25 kunapunguza kasi mara sita hivi.

Unapochaji, lithiamu inakwenda kwenye grafiti. Ikiwa kuingia ni kwa shida mara sita na chaja inaendelea kusukuma uleule mkondo, lithiamu inaganda nje kama metali. Ikiganda inaota vijiti vinavyoweza kutoboa kitenganishi. Unapoendesha, lithiamu inatoka kwenye grafiti, hakuna cha kuganda hapo. Nguvu itapungua na umbali utakuwa mfupi, basi. Ipeleke ndani, iache ipate joto la chumba mpaka katikati yake, siyo ganda la nje tu, ndipo uchaji. Betri kubwa inachukua saa kadhaa kupata joto, usiitie karibu na moto.

Kwa nini wasitumie maji? Ni rahisi, hayawaki moto, na nasikia ioni zinapita vizuri humo.

Ni kweli zinapita vizuri. Lakini maji huanza kuvunjika kuwa hidrojeni na oksijeni kwenye volti 1.23, na betri ya simu inafanya kazi kwenye volti 3.7 hivi. Utapata gesi. Mwaka 2015 watafiti wa Marekani walichapisha njia ya kuvuka kizuizi hicho: walitumia chumvi nyingine ya lithiamu, moli 21 kwa kila kilo ya maji, yaani kilo sita za chumvi ndani ya kilo moja ya maji. Hapo maji ndiyo yanakuwa wageni. Karibu kila molekuli ya maji imeshikwa na lithiamu, haina uhuru wa kuvunjika, na kikomo kikapanda hadi karibu volti 3. Ni kazi nzuri sana, nimeisoma zaidi ya mara moja. Bei na uzito wa chumvi hiyo ni jambo lingine.

Kama maji hayafai, waongeze basi chumvi kwenye kimiminika cha sasa. Ioni zikiwa nyingi si umeme utapita zaidi?

Utapita zaidi mpaka kufikia karibu moli moja kwa lita, yaani gramu 150 hivi za chumvi hii, baada ya hapo unapungua. Ioni chanya na hasi zinaanza kushikana zenyewe kwa zenyewe, na jozi ya namna hiyo haina chaji ya kubeba. Tena kimiminika kinakuwa kizito kama sharubati. Ndiyo maana viwanda vingi vimekaa palepale kwenye zile gramu 150.

Betri ya simu yangu imevimba. Naweza kuitoboa itoe gesi, halafu nikaongeza hicho kimiminika kwa sindano?

Hapana. Ile chumvi ikikutana na unyevu, hata wa hewani, inatoa hidrojeni floridi, ambayo inaunguza ngozi na mapafu. Viyeyushi vyenyewe vinashika moto kwa urahisi, na ncha ya sindano ikigusanisha tabaka mbili zilizo umbali wa mikromita 20, cheche inakusubiri. Mimi nilivifungua vitu hivyo ndani ya agoni, nikiwa na glavu na kioo mbele ya uso. Izime simu, usiichaji tena, iweke mbali na kitu kinachowaka, ipeleke kwa wanaopokea betri chakavu. Fundi wa barua ya pili hapo juu, natumaini na wewe umesoma hapa.